Spika za nyumbani kwa wapenzi wa roki na metali: Yapasayo kuzingatiwa kabla ya kununua

MPENZI wa muziki wa roki anapoingia dukani kununua spika, aghalabu huulizwa na muuzaji swali moja tu: je, anataka sauti kubwa kiasi gani? Swali hilo si baya, ila halitoshi. Roki, na hasa tawi lake kali liitwalo metali, huidai spika mambo ambayo muziki wa taratibu hauidai. Mnunuzi asiyeyafahamu hujikuta amebeba nyumbani sanduku zito la bei ghali ambalo baada ya wiki mbili humkera masikio, au hunguruma tu pasipo kumbainishia ngoma iko wapi na gitaa la besi liko wapi.

Aidha, tathmini nyingi za spika zinazosomwa na wanunuzi huandikwa Marekani na Ulaya, ambako muziki huu ulizaliwa na ambako spika nyingi hubuniwa. Nyumba za Marekani, kwa sehemu kubwa, zina kuta nyepesi za mbao na jasi. Nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru au Mombasa ni za mawe na saruji, na sakafu zake ni za vigae. Kwa masikio ya msikilizaji, tofauti hiyo ya kuta huweza kuwa kubwa kuliko tofauti iliyopo baina ya spika mbili za bei moja.

Muziki wenyewe unadai nini

Mwanzo wa metali mara nyingi huhesabiwa kuwa Februari 13, 1970, siku ambayo kundi la Black Sabbath kutoka Birmingham, Uingereza, lilitoa albamu yake ya kwanza. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani akiwa bado kijana. Kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, mkono ulioumia ndio uliokuwa ukibonyeza nyuzi, na kuzilegeza nyuzi hizo kulimpunguzia taabu. Katika albamu ya mwaka 1971, "Master of Reality", baadhi ya nyimbo zilipigwa kwa nyuzi zilizoshushwa toni moja na nusu. Sauti nzito iliyotokana na ajali hiyo ya kiwandani ikaja kuigwa na makundi chungu nzima.

Kwa hesabu, uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Ukishushwa kama alivyoushusha Iommi hutetema mara 69. Uzi mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi 4 hutoa hezi 41, na lile la nyuzi 5 hushuka hadi hezi 31. Wapiga gitaa wa kundi la Meshuggah kutoka Uswidi hutumia magitaa ya nyuzi 8 ambayo sauti yake ya chini kabisa imo ndani ya eneo la besi.

Takwimu kama hizi huwafanya wanunuzi wadhani kwamba metali haiwezi kusikilizwa pasipo spika inayoshuka hadi hezi 20. Sivyo. Nguvu kubwa ya gitaa lililokwaruzwa kwa amplifaya iko kati ya hezi 100 na 5,000. Sanduku la mpiga gitaa, mathalani yale ya Marshall, kampuni iliyoanza kutengeneza amplifaya jijini London mwaka 1962, huwa na spika za inchi 12 ambazo zikipita hezi 5,000 hivi hazitoi mengi. Vinavyohitaji kina ni gitaa la besi na ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Kishindo cha ngoma hiyo kinachosikika kifuani kiko kati ya hezi 50 na 100, na mlio mkavu wa nyundo yake ikigonga ngozi uko juu sana, kati ya hezi 2,000 na 5,000. Spika inayofika hezi 40 kwa nguvu za kweli itatosheleza sehemu kubwa ya rekodi za roki zilizowahi kutolewa.

Hapa pafaa kuondolewa dhana moja iliyozoeleka. Spika ya mpiga gitaa ni sehemu ya ala yake. Hutiwa makusudi ukwaruzo na rangi yake yenyewe. Spika ya nyumbani ina kazi nyingine, nayo ni kutoa kilichorekodiwa bila ya kuongeza wala kupunguza. Ukwaruzo wa gitaa tayari umo ndani ya rekodi, na spika inayoongeza wake juu ya ule hufanya magitaa mawili yasikike kama mashine moja ya kusaga mahindi. Kwa sababu hiyo, spika inayotangazwa kuwa ni maalumu kwa roki yafaa kutiliwa shaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dhana hiyo imewahi kupimwa. Floyd Toole, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada mjini Ottawa, na baadaye mwenzake Sean Olive, waliwakalisha wasikilizaji mbele ya pazia wasiweze kuziona spika, wakawachezea muziki wa aina mbalimbali. Waliokuwa wakisikiliza walielekea kuzipenda spika zile zile, yaani zilizotoa masafa yote kwa usawa, mbele na pia pembeni. Pazia lilipoondolewa na spika zikaonekana, alama zilibadilika kwa ajili ya ukubwa, sura na jina la kampuni. Olive alikadiria baadaye kwamba besi pekee huchangia takriban asilimia 30 ya jinsi msikilizaji anavyoipima spika. Hivyo basi hakuna spika ya roki na nyingine ya taarab. Kuna spika nzuri na mbaya, na miongoni mwa zile nzuri kuna zinazostahimili kelele na zisizostahimili.

Sauti kubwa isiyochoka

Kipimo cha kwanza cha kutazamwa si wati, bali ni wepesi wa spika kutoa sauti, ambao huandikwa kwa desibeli. Spika hupewa takriban wati moja, kisha sauti yake hupimwa mita moja mbele yake. Spika ndogo za kuwekwa juu ya rafu kwa kawaida hutoa desibeli 84 hadi 87. Kubwa za kusimama sakafuni hufikia 90 na kuendelea, na zile zenye pembe, mfano wa za Klipsch zinazotoka Hope, Arkansas, tangu mwaka 1946, hupita 95.

Tofauti hizo huonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka hutaka nguvu ya amplifaya iongezwe maradufu. Spika ya desibeli 86 itahitaji wati 100 ili kutoa desibeli 106 kwa umbali wa mita moja, ilhali ile ya desibeli 92 itahitaji wati 25 tu kutoa sauti iyo hiyo. Tena wati hizo 100 hazipotei bure: nyingi hugeuka kuwa joto katika waya uliosokotwa nyuma ya koni. Waya ukipata moto, ukinzani wake hupanda na sauti hufifia. Muziki wa jazi una vituo ambamo waya hupata nafasi ya kupoa. Albamu ya Slayer haina vituo.

Mfano mzuri ni spika ndogo ya LS3/5A iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa matumizi ya ndani ya magari ya matangazo. Hadi leo husifiwa kwa jinsi inavyotoa sauti ya binadamu azungumzapo, na sifa hiyo inaistahili. Hata hivyo, wepesi wake ni wa desibeli 83 hivi na koni yake ya besi ni ndogo. Kuitwika metali kwa sauti ya juu ni kumtwika punda mzigo wa lori. Upande wa pili, spika ya JBL L100 iliyotolewa mwaka 1970, mtoto wa spika iliyotumika katika studio za kurekodia, ilikuwa na koni ya inchi 12 na haikuogopa roki ya enzi yake. Wapo waliolalamika kwamba sauti yake ilikuwa ikisukuma mbele mno sehemu ya kati. Vijana wa Marekani walioinunua kwa wingi hawakuwa na habari.

Kuhusu wati, mnunuzi atakutana na herufi PMPO kwenye makasha ya mitambo ya bei nafuu, zikifuatwa na tarakimu za maelfu. Kipimo hicho hakina kanuni iliyokubaliwa na yeyote; kila kiwanda hujihesabia kitakavyo. Ukweli uko nyuma ya mtambo, kwenye kibandiko kinachoonyesha umeme unaotumika. Mtambo unaovuta wati 60 ukutani hauwezi kutoa wati 3,000 za sauti kwa muda wowote unaoweza kusikika. Tarakimu ya kuaminika ni ile iliyoandikwa RMS, hasa ikiambatana na ukinzani, ambao kwa spika huwa omu 4, 6 au 8. Amplifaya hafifu hutaabika na kupata joto ikifungiwa spika za omu 4.

Vilevile, si kweli kwamba amplifaya ndogo ni salama zaidi kwa spika. Inapolazimishwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya umeme, na mawimbi yaliyokatwa hubeba nguvu nyingi za masafa ya juu. Nguvu hizo huishia kwenye tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Tuita nyingi zimeunguzwa katika sherehe na amplifaya za wati 30 zilizofunguliwa hadi mwisho.

Besi na chumba cha mawe

Ili kutoa sauti nene, koni haina budi kusukuma hewa. Kila inaposhuka oktava moja kwa ukubwa uleule wa sauti, yaani kutoka hezi 80 hadi 40, hewa inayopaswa kusukumwa huwa mara 4. Ndiyo maana ukubwa una maana: koni ya sentimita 30 ina eneo linalopita mara 3 lile la koni ya sentimita 16.5. Spika ndogo inaweza kufika hezi 40 kwa sauti ya mazungumzo, kisha ikashindwa kabisa mpigaji ngoma wa metali anapoanza kazi yake.

Wabunifu wamelikabili jambo hili kwa njia mbili kuu. Mwaka 1954, Edgar Villchur alitoa huko Cambridge, Massachusetts, spika ya AR-1, sanduku lililozibwa kabisa ambalo hewa ya ndani yake ilitumika kama springi ya kuirejesha koni. Lilikuwa dogo kuliko masanduku ya wakati huo yaliyotoa besi ya kiasi hicho. Njia ya pili ni kuliacha sanduku na tundu, ili hewa ya ndani iitikie na kusaidia koni. Kwa miaka mingi matundu hayo yalikuwa ya kubahatisha, hadi Neville Thiele wa Australia alipochapisha hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small akazikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Spika nyingi zinazouzwa sasa zina tundu.

Sanduku lenye tundu hutoa besi nyingi zaidi, lakini likipita kikomo chake huanguka ghafla, na koni hubaki ikitapatapa bila ya kizuizi. Lililozibwa huanza kupungua mapema ila hushuka polepole. Mashabiki wa metali hubishana bila ya kuchoka kuhusu lipi lina kasi zaidi. Ubishi huo una chanzo cha kweli. Mpigaji ngoma anayetumia miguu miwili kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, akigawa kila pigo mara 4, hugonga zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Kati ya gonga na gonga kuna muda wa sekunde 0.075 tu, na chochote kinachoendelea kuvuma baada ya hapo hufunika gonga linalofuata. Tundu lililobuniwa vibaya huvuma.

Lakini kinachovuma zaidi ni chumba. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, sauti ya urefu fulani wa wimbi huenda na kurudi ikijiongezea nguvu. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, masafa hayo ni hezi 43 hivi, karibu sawa na uzi mnene wa gitaa la besi. Katika chumba cha mita 3.5 ni hezi 49, na katika cha mita 3 ni hezi 57, katikati ya kishindo cha ngoma. Ukuta mwepesi wa mbao na jasi hutetemeka, hula sehemu ya nguvu hizo na sehemu nyingine huipitisha nje. Ukuta wa mawe uliopigwa plasta hurudisha karibu kila kitu. Katika sebule ya mawe yenye vigae na viti vichache, sauti hiyo huweza kuendelea kuvuma kwa nusu sekunde au zaidi, muda ambao mpigaji wetu wa ngoma amekwisha kugonga mara 6. Spika haina kosa, nayo ndiyo hulaumiwa.

Kwa hiyo, spika kubwa yenye tundu iliyosifiwa na mhakiki wa Marekani kwa besi yake inaweza kuwa balaa katika chumba cha mita 3 kwa 4 mtaani Umoja au Buruburu. Chumba kidogo cha mawe kinapofungwa huongeza besi chenyewe katika masafa ya chini kabisa, na mteremko wa taratibu wa sanduku lililozibwa hupatana nacho vyema. Mwenye chumba cha namna hiyo afikirie kwanza spika za kadiri, zenye koni za sentimita 16 hadi 20, zilizozibwa au zinazokuja na vizibo vya sponji vya kuziba tundu. Soksi nzito iliyokunjwa hufanya kazi hiyo hiyo, japo haipendezi.

Mahali pa kuweka ni suala la pili, nalo halina gharama. Spika ikisogezwa kwenye pembe ya chumba besi hupanda. Ikivutwa hatua moja kutoka ukutani hupungua na kusafika. Kiti nacho kina neno. Anayeketi akiegemea ukuta wa nyuma hupata mvumo wa chumba wote, na anayeketi katikati kabisa ya urefu wa chumba huweza kuukosa kabisa uzi mnene wa besi. Mahali pa kati ya hapo ndipo pa kujaribiwa, kiti kikisogezwa sentimita 20 baada ya 20 huku wimbo mmoja ukirudiwa. Mazulia na mapazia hutuliza mwangwi wa sauti nyembamba, jambo la manufaa katika nyumba ya vigae, ila besi huyapita kana kwamba hayapo. Kochi nene, kabati lililojaa vitabu na godoro lililosimamishwa kwenye pembe husaidia kiasi. Zipo pia amplifaya zinazopima chumba kwa maikrofoni na kupunguza masafa yaliyozidi. Kupunguza kilima huwezekana, kujaza shimo hakuwezekani.

Wengi hupendekeza spika mbili za rafuni pamoja na sabufa moja, na kwa pesa zilezile pendekezo hilo mara nyingi ni bora kuliko spika mbili za kusimama. Kazi ikigawanywa kwenye hezi 80 hivi, spika ndogo hupumzishwa mzigo uliokuwa ukizichosha na huweza kupaza magitaa kwa usafi zaidi. Sabufa nayo huweza kuwekwa mahali tofauti, panapofaa besi. Wapenzi wa kundi la Duma la Nairobi, ambalo albamu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wataihitaji, kwani besi yake ya elektroniki haifungwi na urefu wa uzi wowote. Tatizo ni kwamba watu huifungua sabufa kupita kiasi. Ikisikika kama chombo cha pekee chenye mahali pake chumbani, imezidi.

Sauti nyembamba, na makosa yasiyo ya spika

Matoazi ya mpigaji ngoma hujaza masafa yote yanayopita hezi 5,000, na katika metali hayanyamazi. Spika ambayo tuita yake imeinuliwa makusudi ili isikike ya kuvutia dukani kwa dakika tano itamchosha msikilizaji kabla ya albamu kufika nusu. Hii ndiyo sababu majaribio ya dukani hudanganya. Ni heri kusikiliza wimbo mzima, kwa sauti ya kiasi cha nyumbani, na kujiuliza kama kuna hamu ya kuuongeza au kuupunguza.

Hata hivyo, zipo kasoro ambazo hakuna spika iwezayo kuzitibu. Katika albamu ya Metallica ya mwaka 1988, "...And Justice for All", gitaa la besi lilishushwa kiasi cha kutosikika, na aliyenunua sabufa kwa ajili yake amenunua hewa. Albamu ya kundi hilohilo ya mwaka 2008, "Death Magnetic", ilipandishwa sauti hadi vilele vya mawimbi vikakatwa ndani ya rekodi yenyewe. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile katika mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa safi zaidi. "Transilvanian Hunger" ya Darkthrone wa Norway, ya mwaka 1994, ilirekodiwa kwa njia duni kwa makusudi, na kwa wapenzi wake uduni huo ndio utamu. Spika ya kweli itazionyesha zote jinsi zilivyo, na kadiri inavyokuwa ya kweli ndivyo rekodi mbaya zinavyokera. Mwenye mkusanyiko uliojaa rekodi za namna hiyo hatakuwa amekosea akichagua spika yenye sauti nyembamba ya upole kidogo, au amplifaya yenye kitufe cha kuipunguza.

Kwa majaribio, ni vyema kubeba rekodi zinazojulikana kuwa zimetengenezwa vizuri, kama vile "Back in Black" ya AC/DC ya mwaka 1980, au albamu ya Metallica ya mwaka 1991 yenye jina la kundi lenyewe. Katika ile ya kwanza, kila gonga la ngoma ndogo lisikike likiwa na mwanzo na mwisho. Katika ya pili, gitaa la besi na ngoma ya mguu vitofautishwe, visiwe uvimbe mmoja. Iongezwe rekodi moja yenye kasi ya kupindukia, kwa kuwa hapo ndipo spika dhaifu hujitaja.

Masikio

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hupunguzwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo spika mbili nzuri sebuleni huzitoa bila ya jasho, muda uliobaki ni dakika 15, yaani nyimbo tatu au nne. Jambo lisilotajwa dukani ni kwamba spika safi ni hatari kuliko mbovu. Spika mbovu hukwaruza, na mkwaruzo huliambia sikio kwamba sauti imezidi. Spika safi haitoi onyo lolote, na mkono huendelea kuufungua mtambo.

Kuna sababu ya kimaumbile inayowavuta watu huko. Wanasayansi wa Marekani Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huwa zito kwa sauti nene pale sauti inapokuwa ndogo. Roki ikipunguzwa hupoteza besi kwanza, na msikilizaji huona kama muziki umekufa. Kitufe cha kuongeza besi wakati wa sauti ndogo, kilichokuwa katika karibu kila amplifaya ya miaka ya 1970, kilibuniwa kwa ajili hiyo. Anayeishi katika nyumba ya kupanga, ambamo besi hupenya ukuta hadi kwa jirani na ambamo kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele nchini zinamhusu, ataona faida yake.

Kununua mitumba

Spika kubwa za zamani kutoka Uingereza hupatikana madukani Nairobi kwa bei ambayo spika mpya za uzito huo hazikaribii, na kwa mpenzi wa roki ndizo mara nyingi thamani bora. Zina koni pana na wepesi wa kutosha. Lakini ukingo wa sponji unaoizunguka koni huoza kwa umri, hasa ukipita miaka 15 hadi 20. Ukibonyezwa na kubaki na alama au kumomonyoka, spika hiyo yahitaji ukingo mpya. Wa mpira hudumu zaidi. Koni isukumwe taratibu kwa vidole vilivyopangwa kuizunguka: ikikwaruza, waya wake umeungua au umepinda. Tuita isikilizwe kwa sikio lililosogezwa karibu, kila upande peke yake, kwa kuwa tuita iliyokufa haionekani kwa macho na mara nyingi ndiyo sababu iliyomfanya mwenyewe aiuze. Itazamwe pia kama koni za pande zote mbili ni za aina moja; si ajabu kukuta ya kushoto ni ya asili na ya kulia imefungwa nyingine iliyolingana nayo upana tu.

Spika zisizo na amplifaya ndani hazibagui umeme wa nchi yoyote. Zenye amplifaya ndani, pamoja na amplifaya za pekee, zisomwe kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomekwa: za Japani zilitengenezewa volti 100 na za Marekani volti 120, na umeme wa Kenya wa volti 240 huziunguza kwa sekunde chache. Transfoma ya kushusha umeme itakayozihudumia haina budi kuzidi wati zilizoandikwa hapo nyuma, na bei yake ihesabiwe pamoja na ya mtambo kabla ya kupatana na muuzaji.